Dirisha la Saba la Maktaba ya Ibanza

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1954. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Mawingu yamesimama upande wa ziwa, na mvua haikunyesha.

Niiseme kwanza sababu ya kuondoka, maana mimi si mtu wa safari. Kazi yangu hapa Nyarugusu ni kuchoma matofali ya kambi ya mgodi, na tanuru halipendi kuachwa. Lakini mpwa wangu Milembe, aliyemaliza darasa la nne mwaka huu, amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana huko Ibanza, mji mdogo nje ya Shinyanga. Atakwenda Januari. Ibanza ndiko kwetu. Ndiko iliko maktaba ambayo baba yake aliijenga, na alikufa akiijenga.

Baba yake alikuwa Masanja, fundi mwashi, mume wa dada yangu Kabula. Alianguka kutoka juu ya jukwaa mwaka 1947, amebakiza dirisha moja na paa. Milembe alikuwa na miaka mitano. Mwaka uliofuata nikaja huku kwenye dhahabu, nikawachukua wote wawili, na mpaka leo tunakaa nyumba moja.

Mwezi wa nane alipita mtu wa kwetu anatafuta kazi. Katika mazungumzo akasema ndani ya maktaba kuna karatasi iliyotiwa kioo, ina habari za jinsi nyumba ilivyojengwa, na watoto wa shule hupelekwa kuisoma.

Dada akamwuliza, “Masanja yumo?”

“Sikumwona, Mama Milembe. Lakini mimi kusoma kwangu ni kwa kubabaisha.”

Dada akanigeukia. “Habari zile si wewe uliyeziandika, siku ile ya kufungua nyumba?”

“Ni mimi.”

“Ulimwandika?”

“Nilimwandika,” nikasema. Nilijibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe.

“Basi wamemtoa. Nenda ukamrudishe, kabla mtoto hajafika kule akasoma kwamba hana baba.”

Asubuhi ya leo, nilipokuwa nafunga mzigo, alimkamata jogoo wake mwekundu, akamfunga kamba mguuni na kumfunga kwenye nguzo ya jiko. “Huyu ni wa Masanja,” alisema. “Utakaporudi na jina lake, tutamla.”

Saa nne nilipanda lori la magunia kwenda Geita. Tulikuwa saba juu ya mzigo. Karibu nami alikaa mchimbaji mmoja wa Songea, mtu wa maneno, akataka kujua nakwenda wapi. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika gunia.

“Siku tatu njiani kwenda kusoma karatasi moja! Si ungeandika barua, mzee?”

“Barua itasomwa na yule yule ninayekwenda kumlaumu.”

“Hapo umesema,” akajibu. “Basi mpige kabisa. Ukimpiga utarudi na habari nzuri ya kutusimulia.”

Sikuwa na nia ya kumpiga mtu, lakini kwa kweli nilikuwa nimeandaa maneno. Tangu mwezi wa nane nilikuwa nikiyapanga mbele ya tanuru, na kila siku yalizidi kuwa makali. Nilimwona karani aliyekaa kivulini na kalamu yake, akifuta jina la maskini ili wakubwa wapate nafasi ya kutosha. Sura yake sikuijua, nikampa moja mbaya.

Jumanne. Nililala Geita kwa fundi mmoja seremala, na alfajiri nikapata gari la kwenda Busisi. Kivuko kilichelewa kwa sababu ng'ombe wa mtu walikataa kupanda. Nilifika Mwanza jua limeanza kupoa, nikalala karibu na stesheni.

Jumatano, treni ya kwenda Tabora, daraja la tatu. Kutoka Mwanza ni mawe juu ya mawe, kisha nchi inafunguka. Bukwimba, Malya, Malampaka. Kila stesheni magunia ya pamba yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha mtu. Baada ya Seke walishuka vijana wengi waendao Mwadui kwenye almasi, wamevaa viatu walivyokuwa wamevibeba mkononi safari nzima. Nilitazama nje nikaona nchi yangu imekauka zaidi ya nilivyoiacha. Miti imepungua, ng'ombe wamezidi. Labda ilikuwa hivyo zamani na mimi nilikuwa nimesahau. Siku ile nilikuwa bado naamini kwamba nasahau mambo madogo tu.

Alhamisi, Ibanza. Kutoka stesheni ya Shinyanga ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilianza kungali baridi, nikafika mji unafungua maduka. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mgahawa alinitazama, akanisalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, baba. Wewe si wa matofali?”

“Ndiye mimi, mama. Mwangaluka.”

Nilifurahi kukumbukwa. Naliandika hili kwa sababu lilinipa kichwa kikubwa, na kichwa hicho ndicho nilichoingia nacho maktaba.

Sasa niieleze nyumba, kwa ajili yenu mliobaki huku na hamjaiona. Zamani vitabu vya Ibanza vilikaa ndani ya kasha la mbao katika baraza la mahakama, na waliovisoma walikuwa watu wanaongoja kesi. Mtu akishinda aliondoka na kitabu kwa furaha, akishindwa alikiacha chini. Mchwa wakala kasha mpaka kwenye bawaba. Hapo ndipo watu wa mji walipokubaliana kujenga.

Imesimama kati ya mahakama na ghala la pamba. Ni chumba kimoja kirefu, hatua ishirini na mbili kwa hatua tisa. Kuta fupi ndizo zinazotazama maawio na machweo, hivyo jua halipati mahali pa kuingilia, na mchana kuna ubaridi kama wa ndani ya chungu. Msingi ni wa mawe ya kilimani. Baraza yenye nguzo nne iko mbele, na paa ni la bati. Udongo wa matofali ulitoka kwenye vichuguu. Vijana wa kazi za kulima walikuja na ngoma yao, kundi baada ya kundi, wakauchimba na kuukanyaga kwa nyimbo, na mimi nikachoma.

Kitu cha kutazama katika nyumba ile ni madirisha. Yako saba: matatu mbele, manne nyuma, na kila moja lina tao la matofali juu yake. Hatukuwa na saruji ya kumwaga wala mbao nzito za kuziba juu ya dirisha. Masanja aliwaza siku mbili, kisha akalaza baiskeli yake chini, akatoa gurudumu la mbele, akang'oa mpira na spoku, akaikata ringi nusu kwa msumeno wa chuma. Ile nusu aliisimamisha juu ya dirisha, akapanga matofali kuifuata, akaacha udongo ukauke, akaichomoa na kuihamishia dirisha jingine. Kiangazi kizima alikuja kazini kwa miguu, mwendo mrefu. Watu walimtania. “Masanja, baiskeli umeila?” Naye anajibu, “Nimeijenga. Nyinyi za kwenu zitaoza.”

Dirisha la saba, la nyuma upande wa ghala, si lake. Alipoanguka ringi ilikuwa mkononi, ikapinda. Nilimalizia mimi, ambaye si mwashi, kwa ringi ile ile iliyopinda. Tao lake limelegea upande wa kushoto, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Kabla ya kuingia ndani nililizunguka nikalitazama. Nyufa zimeanza kwangu. Kwa Masanja hata moja.

Karani wa maktaba anaitwa Bwana Ramadhani, mtu wa makamo kutoka Tabora, kofia nyeupe, sauti ya chini. Alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti kabla hajajua mimi ni nani. Nikamwuliza kama wasomaji ni wengi.

“Mvua ikinyesha tunajaa,” akasema. “Ikiisha wanakumbuka kwamba walikuwa wanakwenda sokoni.”

Karatasi imetundikwa kando ya mlango, imepigwa taipu, ndani ya kioo. Niliisoma nimesimama. Ilikuwa fupi. Ilisema nyumba imejengwa kwa ruhusa ya serikali, kwa baraka za Mtemi, na kwa mabati aliyoyatoa tajiri wa ghala la pamba. Kisha ikasema: “Matofali yalichomwa na Bwana Yohana Luhende. Kazi ya kujenga ilifanywa na mafundi na watu wengine wa hapa.”

Yohana Luhende ni mimi, na Luhende ni jina la baba yetu. Nikiri jambo hapa, maana bila hilo masimulizi haya hayana haki. Nilipoliona jina langu nilipata raha. Nilirudia mstari ule mara ya pili. Ni mara ya tatu ndipo nilipomtafuta Masanja, na hakuwamo.

Nikageuka kwa Bwana Ramadhani, nikatoa yale maneno ya tanuru. Sikuyatoa yote, lakini yaliyotoka yalitosha.

“Mmemfuta mtu,” nilisema. “Mtu aliyekufa nje ya ukuta huu. Mimi ndimi niliyeandika habari hizi, na nilimwandika. Nyinyi mlipopiga taipu mkaona jina la mwashi linachafua karatasi.”

Aliniacha nikamaliza. Wasomaji wawili waliokuwa mezani walifunga vitabu wapate kusikia vizuri.

“Bwana Luhende,” akasema, “mimi nilikuja hapa mwaka juzi, karatasi nikaikuta ukutani. Lakini ile ya mkono ipo. Ngoja.”

Akafungua kabati, akatoa jalada, na ndani yake karatasi mbili za daftari la mistari. Niliujua mwandiko kabla hajaniwekea mkononi. Herufi zangu huegemea nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili. Neno kwa neno ilikuwa ile ile ya ukutani. Serikali, Mtemi, tajiri, mimi. Kisha “mafundi na watu wengine wa hapa.” Hakuna kilichofutwa. Hakukuwa na cha kufuta.

“Labda kulikuwa na karatasi ya tatu,” nilisema.

“Labda,” akajibu Bwana Ramadhani, ingawa mwisho wa ukurasa wa pili kulikuwa na sahihi yangu na mstari chini yake.

Nilikaa. Aliniletea maji ya kunywa. Wasomaji wawili walifungua vitabu vyao tena, na hilo nalo lilikuwa heshima.

Ndipo nilipokumbuka, na mambo yakaja yote kwa pamoja, kana kwamba yalikuwa yamekaa nyuma ya mlango. Nyumba ilifunguliwa wiki saba baada ya mazishi. Karatasi yangu ilikuwa isomwe kwa sauti mbele ya watu wote. Mama yake Masanja alikuwa amekataza jina la mwanawe kutajwa hadharani mpaka matanga yaondolewe, na katika ukoo wao hilo halivunjwi. Kumwita marehemu mbele ya umati kabla ya siku yake ni kumsimamisha njiani. Nami nikatii. Niliandika “mafundi na watu wengine,” nikajiambia kwamba matanga yakiisha nitakwenda kulitia jina, ni kazi ya mstari mmoja. Matanga yaliondolewa mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa nafunga mizigo kuja kwenye dhahabu.

Hiyo ni sababu, na ni ya kweli. Lakini nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile: matanga yalinizuia kumwandika yeye, je, ni nani aliyenilazimisha kujiandika mimi? Hakuna aliyeniomba. Nafasi ilikuwepo, kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

“Karatasi hii hubadilishwaje?” nilimwuliza karani.

“Kwa idhini ya kamati. Mwenyekiti yuko dukani kwake sasa hivi. Nitakupeleka.”

Alifunga maktaba mchana kweupe kwa ajili yangu, mtu aliyemtukana saa moja iliyopita.

Mwenyekiti ni mzee mnunuzi wa ngozi. Nilimpa shikamoo, akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho huku akikunja ngozi ya mbuzi. Sitaki msomaji amwone mtu mbaya. Alisema, “Masanja nilimzika. Jembe nilishika mimi mwenyewe.”

“Basi unajua kwamba anastahili, mzee.”

“Najua. Lakini nikimtia yeye kwa neno langu, kesho watakuja wa vijiji vyote waliochimba udongo. Nitawaambia nini? Na kuna jambo jingine. Aliyeandika ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Miaka saba iliyopita uliandika hivi, ukatia sahihi. Leo unakuja kusema vingine. Kamati iamini mkono wako upi?”

Nikamwomba basi, kama kumtia Masanja ni kazi, walitoe jina langu, maana kutoa ni rahisi.

Akaiacha ngozi. “Ukitoka na wewe, itabaki nyumba iliyojengwa na mabati. Andika barua. Kamati itakaa baada ya masika.”

Baada ya masika Milembe atakuwa ameshakaa Ibanza miezi mitano. Nilisema hivyo. Mwenyekiti alitazama chini, akasema sheria ya vikao hakuitunga yeye, na hilo pia ni kweli.

Niliandika barua mezani kule maktaba. Niliharibu karatasi nne. Katika ya tano niliandika kwamba fundi aliyeijenga nyumba hii ni Masanja, kwamba madirisha sita ni yake na la saba, baya, ni langu, na kwamba kosa la kumwacha si la mtu mwingine. Bwana Ramadhani aliisoma, akaitia katika jalada juu ya zile mbili za zamani.

“Huyo binti akija,” akasema, “nitamtembeza nyumba yote. Kwa mdomo sihitaji idhini.”

Nilimshukuru. Sikumwomba radhi vizuri. Nilisema “usijali,” neno ambalo lilipaswa kutoka kwake, si kwangu.

Ijumaa nilirudi Shinyanga, Jumamosi nikapanda treni. Safari ya kurudi sina mengi ya kuieleza, sikutazama dirishani. Nilikuwa napanga maneno tena. Kwanza nilipanga kumwambia dada kwamba kamati imekubali. Ni neno moja, nalo lingempa usingizi mpaka Januari. Kisha nikamfikiria Milembe amesimama mbele ya kioo, anasoma mpaka mwisho, anarudia. Halafu nikapanga kusema ni makarani waliomtoa. Tulipokuwa tunakaribia Malampaka nilishakuwa na maneno mazuri ya makarani, lakini nikamwona akilini Bwana Ramadhani akinipa maji. Nikayaacha.

Jumapili kivuko na Geita. Jumatatu, tarehe 11, lori la kambi. Mvua kidogo njiani, ya kulaza vumbi tu.

Mara nyingi anayesafiri huandika mwishoni alichojifunza. Mimi nilichopata ni kidogo na hakipendezi. Nimejua kwamba kumbukumbu yangu haifai kuaminiwa mahali jina langu lilipo. Na nimejua kwamba ukuta uliandika vizuri kuliko mimi, maana pale juu ya madirisha kila mtu amepewa kilicho chake.

Nilifika nyumbani jua linazama. Jogoo alikuwa bado kwenye nguzo, amenenepa. Dada alitoka jikoni akifuta mikono, akanitazama usoni kabla sijatua mzigo.

“Yumo?”

“Hayumo.”

“Nani alimtoa?”

“Hakuna aliyemtoa, Kabula. Sikumwandika. Karatasi nimeiona, ni mkono wangu. Ilikuwa kabla ya matanga, nikasema nitarudi, sikurudi.”

Dada alimaliza kufuta mikono. Milembe alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Nilifikiri tumemaliza.

“Na wewe,” dada akasema, “umo?”

“Nimo.”

“Na jina la baba yetu?”

“Na jina la baba yetu.”

Akarudi jikoni. Nilisikia sufuria ikiwekwa mafigani, taratibu, bila kishindo. Ningeweza kumkumbusha kwamba mama mkwe wake ndiye aliyekataza, na kwamba yeye mwenyewe siku zile aliafiki. Anajua. Sikuliona kuwa la kumwambia.

Milembe alikuja akakaa karibu nami juu ya gogo. Nikamweleza habari za ringi, kama nilivyowaeleza nyinyi, mpaka dirisha la mwisho.

“Mjomba, la saba ni lipi?”

“La nyuma, upande wa ghala. Utalijua, limelegea.”

Akahesabu kwa vidole kimyakimya. “Basi sita ni ya baba.”

“Sita ni ya baba.”

Siku zote nirudipo kazini dada huniletea maji ya kunawa. Leo nilichota mwenyewe. Tulikula ugali wa muhogo na mlenda, na Milembe alimtupia jogoo makombo.